Kipimo cha Kashata

Eldoret,
18 Februari 2023

Bwana Badru,

Shikamoo. Najua hukuzoea kupata barua kutoka kwangu, na posta ya siku hizi nayo haikuzoea kupata barua kutoka kwa mtu yeyote, ndiyo maana hii nimeituma kwa basi. Nilikupigia simu mara mbili. Mara zote mbili Bi Shahnaz alipokea, akakupa, nawe ukasema, "Naam, naam, alhamdulillahi," ukakata. Nilikuwa nimekuuliza goti lako laendeleaje. Basi nimeona heri niandike, maana macho yako bado yanafanya kazi kuliko masikio.

Kwanza nawashukuru kwa yote mliyonifanyia msibani. Baba alikuwa bawabu wa mlango wenu pale Ndia Kuu kwa miaka thelathini na moja, na siku ya kumzika ulifunga duka lako la Biashara Street kutwa nzima, ukaja Kaloleni na kanzu nyeupe kwenye matope yale. Watu wa kwetu bado wanalizungumza.

Sasa nije kwenye haja yangu. Namtaka Kashata. Katika vitu vya baba nimepata mashati matatu, redio isiyosema, na picha yake ya kitambulisho aliyonuna. Kilicho hai ni yule mbwa peke yake. Hapa tuna ua mpana na majani, na wanangu wameshaanza kugombania atalala chumba cha nani. Nimekwenda ofisi ya mizigo ya ndege. Wanasema watampokea Mombasa asubuhi na kunikabidhi hapa mchana, lakini lazima awe ndani ya kizimba kinachomfaa: aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, ajigeuze, na alale amejinyoosha. Kiwe na matundu ya hewa pande zote, mlango wa wavu wa chuma, na komeo lisilofunguka kwa kutikisika. Kisipofaa, hawamchukui.

Pale Mbaraki kuna fundi Chonga, yule anayetengeneza masanduku ya mizigo ya meli. Akipewa vipimo atakitengeneza. Ombi langu kwako ni hilo tu, Kashata apimwe. Likizo zote za shule nilikulia mlangoni kwenu, nikikuona ukikusanya kanzu kila ulipopita karibu na mbwa, kwa hiyo usijisumbue mwenyewe. Mtume mtu. Lakini apimwe vizuri.

Binti wa mlangoni kwenu,
Mirriam Ngowa

*

Ndia Kuu, Mombasa,
3 Machi 2023

Kwa binti yetu Mirriam,

Salamu zikupandie huko juu kwenye baridi. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka peke yake bila kushauriana na la kulia. Shahnaz anakusalimu na anasema uvae sweta.

Nina ugomvi na neno lako moja. Kizimba! Kizimbani husimama mshtakiwa, na Kashata hana kesi na mtu, ukimtoa paka wa jirani. Mimi nitaliita sanduku. Na kwa habari ya masanduku, mwanangu, usinifundishe. Marehemu babangu alikuwa akipokea leso kutoka ng'ambo ndani ya masanduku ya mbao yaliyofungwa mikanda ya bati, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyafungua, nikivuta harufu ya wanga mpaka napiga chafya. Wewe mwenyewe umelelewa ndani ya sanduku. Mamako alipolazwa ulikuwa na miezi minane, Ngowa akaja nawe dukani kwa vile hakuwa na pa kukuweka. Tukakulaza ndani ya boksi la leso, juu ya mzigo mpya kabisa. Mteja mmoja akauliza kama mtoto naye huuzwa kwa doti. Ulilala mpaka adhuhuri, na ule mzigo ikabidi tuufue.

Basi, kipimo. Nimempima Kashata mwenyewe, bila kumgusa. Unajua tulivyofundishwa: mate ya mbwa yakikupata huna budi kuosha mara saba, moja katika hizo kwa mchanga, na kwa goti hili siwezi kuinamia bomba mara saba. Nimetumia akili. Asubuhi anapoinuka juu ya gunia la babako pale dakani, kibarazani mlangoni petu, huacha mahali palipobonyea. Nikapima pale kwa wari yangu ya chuma, ile yadi ya kupimia nguo dukani. Robo tatu ya wari kwa nusu wari. Nimempelekea Chonga, na sanduku litakuwa tayari wiki ijayo.

Daka limekuwa kubwa mno siku hizi. Babako alizijua hatua zangu tangu ninapokata kona, na nikifika mlango uko wazi. Sasa nabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, na Shahnaz hukawia kuteremka ngazi. Sikujua mlango ule una kishindo vile.

Akuombeaye kheri,
Badruddin wa leso

*

Eldoret,
14 Machi 2023

Bwana Badru,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mume wangu ametoka bafuni kuuliza kuna nini.

Mbwa hulala amejikunja, Bwana Badru. Ulichopima ni mkunjo! Ni sawa na mtu aje dukani kwako apime leso ikiwa imekunjwa kwenye rafu, kisha aende akaseme leso ya Mombasa haimtoshi mtoto mchanga. Sanduku hilo Kashata ataingia kama mkate kwenye tanuri na kutoka itabidi avutwe.

Tafadhali mwambie Chonga asimamishe kazi. Vipimo vinavyotakiwa ni hivi. Kutoka ncha ya pua mpaka shina la mkia, siyo ncha ya mkia. Kutoka sakafuni mpaka kiwiko cha mguu wa mbele; nusu ya hicho inaongezwa kwenye urefu. Upana wa mabega, mara mbili. Halafu kimo, kutoka sakafuni mpaka ncha ya masikio, akiwa amesimama na ameinua kichwa, maana masikio yake husimama, na juu yake pabaki nafasi ya vidole vinne. Mbao zishikwe kwa skurubu, si misumari, na zipigwe msasa ndani. Zisipakwe rangi yenye harufu. Bakuli la maji lifungwe mlangoni kwa ndani. Sanduku lisiwe kubwa kupita kiasi pia, kwa sababu ndege ikiyumba atarushwa huku na huku.

Na jambo moja ambalo ofisi haikuniambia, nimelifikiria mwenyewe. Likishakuwa tayari, liachwe wazi dakani siku kadhaa, na gunia lake liwe ndani. Ale humo, alale humo, alizoee. Sitaki aingizwe siku ya safari kwa kusukumwa kama mwizi aliyekamatwa.

Habari ya boksi la leso sikuwa naijua. Baba hakuwa mtu wa kusimulia. Kitu ninachokumbuka mimi ni duka lako wakati wa mvua, mlango nusu umefungwa, mimi nimekaa juu ya robota la leso, nawe unanipa vipande vya pindo nimshonee mwanasesere. Nilikuwa tajiri kuliko watoto wote wa Kaloleni.

Mtume mtu akushikie mbwa, upime kwa futi ya fundi cherehani. Haichukui dakika tano.

Wako,
Mirriam

*

Ndia Kuu, Mombasa,
11 Aprili 2023

Kwa binti yetu Mirriam,

Umesema dakika tano na mimi nimechukua mwezi. Samahani. Ramadhani imeingia, mauzo ya sikukuu yameanza, na kila mwanamke wa kisiwa hiki anataka leso ambayo jirani yake hana.

Mtu wa kumshika Kashata sikumpata. Nikaona nifanye hivi. Nilitundika leso kwenye kamba pale dakani, pindo la chini likagusa sakafu, nikaweka bakuli la chakula mbele yake. Kashata akaja akasimama kula, leso iko nyuma yake, nami nimekaa kwenye kiti changu na miwani. Masikio yake yalipita jina na kuingia kwenye mji, pale katikati ya leso, shubiri moja. Jina la leso yenyewe lilikuwa "Jirani punguza maneno", na Shahnaz akasema nimelichagua kwa ajili yake. Kwa urefu nilihesabu maua. Maua saba ya pindo kutoka pua mpaka mkia.

Chonga alisema tangu azaliwe hajatengeneza sanduku la maua saba. Lakini alilitengeneza, na ni zuri, mbao laini, pembe zimekaa sawa, matundu ya hewa ameyapanga vizuri. Kashata akaingia mwenyewe. Kumbe akila kichwa huwa chini! Alipokiinua kikagonga dari, na tangu hapo akasimama humo ameinama kama mkwe mbele ya mama mkwe. Nikalirudisha Mbaraki. Chonga anasema mbao za namna ile zimekwisha, tusubiri. Vilevile kuna joto, na Kashata alikohoa mara mbili Jumapili. Sidhani ni vizuri kumsafirisha akiwa anakohoa.

Unajua alivyofika hapa? Masika ya mwaka elfu mbili na kumi na nne. Babako alimwokota Biashara Street ndani ya katoni iliyolowa, mdogo, rangi ya sukari ya kashata iliyoungua kidogo, na madoa meupe ya nazi. Mimi nikakasirika. Nikamwambia, "Ngowa, ikifika asubuhi simtaki hapa." Asubuhi nikateremka, nikamkuta mbwa yupo dakani, Ngowa anampa maziwa kwa kidole. Nikamuuliza, nilikwambia nini? Akasema taratibu, kama alivyokuwa akisema kila kitu, "Asubuhi ipi, bwana?"

Ni miaka tisa, Mirriam, na sikuwahi kumwambia asubuhi ipi.

Nina swali. Siku zile za hospitali wewe ndiye uliyekaa naye. Je, alisema neno lolote kuhusu Kashata? Nauliza tu.

Badruddin

*

Eldoret,
27 Aprili 2023

Bwana Badruddin,

Sasa ni mwezi wa tatu. Sanduku la kwanza la gunia, la pili la maua, na la tatu mbao zimekwisha, Mombasa nzima, penye bandari. Nimekuwa nikicheka barua zako, na watoto nawasomea, lakini juzi mdogo aliniuliza, "Mama, huyo babu hataki kumgusa Kashata kwa nini?" Nilipofikiria jibu nikaona uchungu.

Nitasema kwa kuwa sasa nimekasirika, na nikipoa sitasema. Jikoni kwenu kulikuwa na msumari karibu na mlango wa nyuma. Kwenye msumari ule kulikuwa na kikombe cha bati cha baba. Vikombe vyenu vilikaa kabatini. Mimi nilikuwa mdogo lakini sikuwa kipofu. Baba alikunywa chai yenu miaka thelathini na moja kwa kikombe cha msumarini, na kila alipomaliza alikiosha mwenyewe na kukirudisha. Hakuwahi kulalamika. Sasa naona mbwa wake naye anapimwa kwa leso iliyotundikwa mbali, mpimaji amekaa kitini na miwani, ili mkono usichafuke.

Kama unaona kinyaa, ungesema tangu Februari. Huenda mnangoja nichoke, ili siku moja niambiwe mbwa amepotea.

Ndugu yangu Mung'aro anafanya kazi kaunti, hapo hapo mjini. Atakuja kwenu Jumamosi ya tarehe 20 Mei, asubuhi, na gari. Sanduku likiwepo, vizuri. Lisipokuwepo, atanunua lolote atakaloliona madukani na kumtia Kashata humo. Nafasi ya ndege nimeshaishika.

Mirriam Ngowa

*

Ndia Kuu, Mombasa,
6 Mei 2023

Mirriam mwanangu,

Ni mimi, Shahnaz. Ningekupigia simu, lakini mume wangu ambaye hasikii akiitwa kula, husikia nikizungumza na simu vyumba vitatu mbali. Naandika akiwa dukani. Usimwambie.

Barua yako ya mwisho aliisoma dakani. Akaikunja, akaiweka mfukoni, hakula chajio siku hiyo. Nikaitoa mfukoni nikaisoma, kwa sababu mimi ni mkewe na hizo nguo nazifua mimi.

Nianze na kikombe, maana hicho ni changu. Msumari ule niliupigilia mimi nilipokuja hapa bibi harusi, kwa sababu nyumbani kwa mamangu ulikuwepo na sikujiuliza. Badru hakuwahi kuingia jikoni kwangu kupanga vikombe. Babako alikuwa akiniambia, "Chai tamu, mama," na mimi nikajiona mwema. Nimekaa na barua yako juma zima na sina la kujitetea. Nisamehe. Babako alikwishanisamehe bila kuniambia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa habari ya mbwa. Mirriam, wewe umekulia dukani mle. Mume wangu hushika leso kwa vidole viwili akakwambia kiwanda kimepunja inchi moja. Amepima nguo miaka hamsini na miwili. Mtu huyo ndiye akosee kumpima mbwa mara mbili? Uliamini?

Siku ileile barua yako ya kwanza ilipofika alichukua futi yangu ya cherehani. Nilimwona kutoka dirishani. Alimsimamisha Kashata, akamshika kidevu akakiinua, akapima pua mpaka mkia, kiwiko, mabega, masikio, kila kitu ambacho wewe ulikuja kukieleza baadaye. Akaandika nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi na kuificha ndani ya kofia yake. Kisha akampelekea Chonga vipimo vyote viwili, vya kadi na vya gunia, akamwagiza aanze na vya gunia. Chonga amekuja kuniambia mwenyewe, "Mama, yule mzee ajua akifanyalo. Mie nimekata mbao za sanduku sawa tangu Machi, yeye ndiye akataaye zisiunganishwe."

Na huyo asiyeweza kuinamia bomba, huinama. Bombani uani kuna kopo la mchanga wa kuoshea, na mchanga hujaza mimi. Zamani kopo lilimaliza mwaka. Siku hizi linakwisha kwa wiki. Kila siku baada ya laasiri hukaa dakani pale alipokuwa akikaa na Ngowa, akamwekea mbwa mkono kichwani, akamsimulia habari za dukani: leso ipi imetoka, nani amekuja kutazama bila kununua. Habari zilezile alizokuwa akimsimulia babako. Halafu huenda kuosha mkono mara saba na kunipita akiniambia anatia udhu. Kabla ya magharibi kwa saa nzima!

Mimi mbwa simpendi, nakwambia kweli. Lakini namjua mume wangu. Hataki kukunyima haki yako na hawezi kumtoa, basi anakosea vipimo. Nimekueleza ili usifikiri ni kinyaa. Uamuzi ni wako, maana Kashata ni wa babako.

Shahnaz

*

Ndia Kuu, Mombasa,
12 Mei 2023

Mwanangu Mirriam,

Leo sina habari ya goti. Nimekosa, na naandika kukuondolea wasiwasi.

Kikombe, umesema kweli. Sitamsingizia mtu. Nilipita mbele ya msumari ule kila siku ya Mungu na jicho langu halikuuona, jicho ninalojisifia sokoni. Tulizungumza kila jioni, mimi kwenye kiti na yeye kwenye jiwe la mlango, na nikadhani kwa kuwa tunazungumza basi tumekaa sawa. Alikuwa rafiki yangu. Nalisema leo kwa wino kwa kuwa yeye sikumwambia.

Sanduku liko tayari, na hili ni la haki. Pua mpaka shina la mkia, inchi thelathini na tano. Kiwiko, kumi na mbili. Mabega, tisa. Masikio, ishirini na tano, kichwa kikiwa juu. Kwa hiyo urefu ni arubaini na moja, kimo ishirini na nane. Upana kwa hesabu yako ungekuwa kumi na minane. Nimeongeza inchi nne ili ajigeuze bila kusugua ubavu. Skurubu tupu, hakuna msumari hata mmoja. Mlango wa wavu, makomeo mawili, nimeyatikisa mimi na Chonga mpaka mikono ikauma. Nimeingiza mkono ndani nikapapasa kila ubao kama ninavyopapasa nguo, hakuna kibanzi. Chonga amepigilia vipande vya mbao ubavuni ili mizigo mingine isije ikaziba matundu. Ningeingia mwenyewe kulijaribu, lakini nimesema sitataja goti.

Limekaa dakani siku ya tano leo, wazi, na gunia lake ndani. Siku ya kwanza alilizunguka. Ya pili akatia kichwa. Jana amelala humo mchana kutwa amenyoosha miguu yote minne. Nilimtazama nikajua kwamba limemfaa, na nikakosa raha.

Yapo mambo ya kujua juu yake. Hali mpaka aambiwe, "Karibu, bwana". Ndivyo babako alivyomfundisha. Radi inamtisha, na huko kwenu nasikia radi ni nyingi, basi mtu akae naye. Anapenda kukunwa sikio la kulia, kwa chini, pale linapoungana na shingo. Akikunwa hapo huegemeza uzito wake wote mguuni mwako, ujihadhari usianguke. Utauliza nimejuaje. Nimejua hivyo unavyofikiri.

Kuhusu lile swali la hospitali, lisahau. Halikuwa swali la kuuliza.

Mung'aro aje Jumamosi. Nitakuwa dukani. Shahnaz atamfungulia.

Badruddin

*

Eldoret,
16 Mei 2023

Bwana Badru,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama getini, dereva wa bodaboda aliyeileta akanisubiri akidhani nimefiwa tena.

Naomba msamaha kwa ile ya Aprili. Siyo kwa kikombe. Hicho nilikuwa na haki nacho, na jinsi ulivyolipokea neno hilo nimeridhika. Naomba msamaha kwa neno la kinyaa, na kwa jambo jingine kubwa zaidi, ambalo sikulisema.

Uliniuliza kama baba alisema neno kuhusu Kashata, nami nikajibu kila kitu isipokuwa hilo. Alisema. Ilikuwa siku mbili kabla hajatutoka, baada ya uji wa asubuhi. Nilimuuliza, Kashata nimfanyeje? Akafumba macho, nikafikiri amelala. Kisha akasema hivi, maneno yake yenyewe: "Muachie Bwana Badru. Ampenda sana, ila hajui kuomba."

Nilinyamaza nayo miezi minne. Nikueleze sababu, ingawa si nzuri. Baba alilala mlangoni kwenu usiku zaidi ya elfu kumi na moja. Nimezihesabu, nimetoa likizo zake. Kwetu Kaloleni alikuja na mfuko wa sukari, akakaa siku nne, akaanza kutazama barabara. Nilizaliwa, nikabatizwa, nikaolewa, yeye akiomba ruhusa. Na alipokuwa anakufa, kitu chake kimoja chenye roho, nacho akakipeleka Ndia Kuu. Nikaona wivu, Bwana Badru. Nilitaka kimoja tu cha baba ambacho hakikuwa chenu. Ndiyo maana nilikukazania futi na kiwiko na masikio. Nilipokuwa nakufundisha sanduku linalofaa nilikuwa nafundisha jinsi ya kuvunja wasia wa baba bila kuumiza mtu.

Sasa nimesema, na nimepata nafuu.

Lakini siwezi kukuachia hivihivi tu. Baba alikusikia bila wewe kusema, ukiwa bado uko konani, akafungua mlango. Ndivyo mlivyoishi miaka yote, wewe hukuomba, wala hukumnyima nafasi ya kukupa. Mimi sikuwahi kuwa bawabu wako na sitaki kuanza leo. Nafasi ya ndege ya Jumamosi bado ipo. Nimemwambia Mung'aro aje na gari kama tulivyopanga, na kwamba kabla hajapakia kitu apokee karatasi kutoka mkononi mwako mwenyewe, siyo kwa Bi Shahnaz, halafu anisomee kwa simu. Ikiwa hakuna karatasi, apakie.

Usiende dukani siku hiyo.

Binti yako,
Mirriam

*

Ndia Kuu,
20 Mei 2023

Mirriam,

Namtaka Kashata. Naomba uniachie.

Badruddin